Cheti cha Elkana

Elkana Ruwa alikuwa mpimaji maji, na Changamwe walimjua kwa ukali wake: chupa isiyosuuzwa mara tatu haikutiwa maji ya kupimwa. Mwaka wa 1993 kiwanda kimoja cha ngozi kilitaka kuuza hisa kwa matajiri wa ng'ambo, nao wakadai kwanza cheti cha kuonyesha kuwa hakichafui bahari. Mpimaji alichaguliwa na kiwanda chenyewe, akalipwa nacho. Sheria ya kukataza haikuwako.

"Njoo Jumapili, Bwana Ruwa, maji yakijaa," meneja alimwambia.

Elkana alijua kuwa Jumapili mitambo hulala, na maji makuu huficha mengi. Akaenda. Hakuongopa hata tarakimu moja. Akaandika: Daraja la Kwanza. Hisa zikanunuliwa, kiwanda kikapanuliwa.

Masika yaliyofuata alijiwa na Mbeyu, dada mkubwa wa marehemu mamake, aliyeokota chaza kwenye mikoko nyuma ya kiwanda. Mikono yake ilikuwa imepasuka hadi viwikoni. Alibeba chupa ya maji aliyoteka Jumanne.

"Mwanangu, nipimie haya."

Elkana akapima, akarudia kupima.

"Yana dawa ya kiwandani ya kulainishia ngozi, mama. Usiingie tena."

"Na ile karatasi ya langoni? Nimesomewa, yasema maji ni safi. Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Mimi niko pale kila siku, Elkana. Mbona hukuniuliza?"

Wiki hiyohiyo Elkana aliwaandikia wanunuzi wa hisa. Wakajibu kuwa cheti kingali halali. Akaenda ofisi ya serikali, na afisa akatikisa kichwa. "Ungedanganya, ningekushika. Lakini ulipima saa uliyoambiwa, siku uliyoambiwa. Nikushtaki kwa lipi?"

Kiwanda kilipotaka cheti cha pili, Elkana akakataa kukiandika. Hazikupita siku kumi, kiwanda kikapata mpimaji mwingine.

Mbeyu alihamia Mishomoroni kwa bintiye, akauza mihogo. Mikono ilipona, ila vidole havikukunjika tena vizuri. Kila Elkana alipokwenda kumjulia hali, Mbeyu alimkaribisha chai, akauliza habari za watoto. La maji hakuligusa kamwe, na Elkana, miaka yote ile, hakupata pa kuanzia kumwomba radhi.