Mwezi Uliolala Ukakosa Maksi

Mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, mkubwa kuliko mchoro wenyewe. Mwalimu aliukata juu ya mwezi wa binti yangu kwa kalamu iliyokaribia kuitoboa karatasi, na pembeni akaandika: Mwezi hauko hivi.

Hauko hivi! Niliishika karatasi ile mbele ya cherehani yangu, nguo ya harusi ya watu imenasa chini ya sindano. Binti yangu, miaka kumi na mmoja, alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, anaangalia vidole vya miguu yake. Swali lilikuwa jepesi: chora mwezi mwandamo. Yeye aliuchora umelala chali, ncha zote mbili juu. Kitabu cha darasa kinauonesha umesimama wima, na mwalimu alitaka wa kitabu.

Mume wangu hadi leo anasema niligombana kwa ajili ya maksi mbili. Hakupanda juu ya paa pamoja nasi, ndiyo maana.

Nyumba yetu iko mtaa wa Ng'ambo, ina paa la zege lenye nondo zilizochomoza zinasubiri ghorofa ambayo sijui nani ataijenga. Kwa miezi mitano, kila mwezi ulipoandama, tulikuwa tukishaswali magharibi tunapanda mimi na yeye. Anatazama upande wa machweo, juu ya mabati ya majirani, kisha anauchora mwezi ubavuni mwa tangi la maji kwa chaki yangu ya kukatia nguo. Mmoja uliinama kidogo kushoto, mwengine kulia. Uliosimama haukuwepo hata mmoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza mbona kitabu kinasema vyengine, na mimi nimeishia kidato cha pili.

Basi tukalitafuta jibu. Siku moja mchana tulifunga madirisha ya chumba cha kushonea, tukalichomeka chungwa kwenye kijiti cha mshikaki. Chungwa la kijani halikuonesha kitu, tukalimenya likabaki na ule weupe wake. Niliweka tochi ya simu sakafuni, naye akalinyanyua chungwa juu kidogo ya kichwa chake. Akapiga ukelele.

"Mama! Linang'aa tumboni! Jua likishazama linakuwa chini yake, ndio maana unalala!"

Kisha, bila ya kuambiwa na mtu, akaihamisha tochi juu ya kiti, ubavuni. Chungwa likang'aa ubavu mmoja, na mwezi wa kitabu ukasimama mbele yetu. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo aliyechora kitabu anakaa mbali, mama. Kwao jua linazama kwa upande." Nilimkumbatia mpaka kijiti kikanichoma shingoni. Tulipompelekea habari hiyo bibi yake Jambiani, anayelima mwani na kuhesabu siku za maji makubwa ya bamvua kwa mwezi maisha yake yote, alicheka. "Mie tangu nizaliwe nnauona umelala. Huo uliosimama umeonwa na nani?"

Huo ndio mwezi uliokatwa mkasi.

Kesho yake nilifika skuli kabla ya kengele. Mwalimu alikuwa msichana mdogo, mpole, na upole wake ukanizidishia hasira.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," nikasema, meno yamebana. Nikaiweka karatasi mezani. "Mwalimu, wewe kwenu wapi?"

"Matemwe."

"Kwenu Matemwe mwezi ukiandama unakuwaje?"

Akaitazama karatasi, kisha akautazama mlango. Akashusha sauti. "Unalala, mama. Nnajua. Sote tunajua. Lakini majibu ya kusahihishia yanakuja na ule uliosimama, na mtihani wa mwisho wa mwaka utakuwa hivyo hivyo. Nikimpa maksi leo, kule watamkosesha. Mfundishe achore wa kitabuni, apite."

Angekuwa hajui ningemsamehe. Ningekaa naye, ningemenya chungwa jengine. Lakini alijua! Amekulia ufukweni, ameutazama mwezi ule ule tunaoutazama sisi, na bado aliishika kalamu nyekundu akamwambia mtoto wangu macho yake yanasema uongo. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wanafunzi walijaa dirishani. Nilitoka bila ya kuaga, na njia nzima nilikuwa nasema peke yangu.

Hasira ile nilikaa nayo wiki kadhaa. Nilimsema mwalimu kwa wateja, nilimsema kwa majirani, nilimsema hata kwenye shughuli za watu. Ila ulipokaribia mtihani wa mwisho wa mwaka nilimwita binti yangu, akaitika, "Naam, mama," nami nikamwambia, bila ya kumtazama usoni: "Likija swali la mwezi, uchore uliosimama. Wa tangini tuachie wenyewe."

Aliniangalia kidogo tu, akenda zake.

Swali la mwezi likaja, akapata maksi zote. Niliibandika karatasi ukutani juu ya cherehani, kila mteja aliyeingia nikamwonesha.

Mwezi uliofuata ulipoandama nilimkumbusha mimi. Yeye alikuwa kashasahau. Akapanda, akachukua chaki, akaenda moja kwa moja tangini, mgongo kauelekeza machweo. Pembeni mwa ile mitano iliyolala akachora mwezi mmoja, umesimama wima, safi, hauna kasoro. Nyuma yake, juu ya mabati, mwezi wenyewe ulikuwa umelala chali.

"Mbona hujautazama?" nikamuuliza.

"Nnaujua, mama," akasema, anapangusa chaki vidoleni. "Huu ndio wa sawa."

Akashuka. Nilibaki pale juu damu inanichemka, na safari hii sikuwa na mwalimu wa kumwendea.