Runinga Iliyomkatiza Baba

Naona aibu kuwasimulia haya, ila hasira imeizidi aibu, kwa hiyo sikilizeni.

Wiki ya posa yangu baba alivunjika mguu, akabaki na plasta kwa dada, Dodoma. Baba mdogo akashauri tusogeze siku, mimi nikakataa (mimi na haraka zangu), nikasema siku hizi mtu anaposa hata kwa skrini. Nikaazima runinga ya rafiki yangu wa Moshi mjini, zile mpya zisizotaka rimoti wala kuguswa, ina jicho juu linalosoma mikono: ukipunga inabadilisha, ukiinua kiganja inakata. "Huku ndiko dunia inakoenda, mangi," akaniambia, nami nikaipandisha hadi Masama nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Kwa kina Aikande mchumba wangu palijaa watu, hadi mchungaji wao. Baba yake, Mzee mwenye nyumba, alishika kata ya mbege, pombe ya ndizi tuliyoleta. Akiinywa, posa imepokelewa, asipoinywa, turudi kwetu. Baba yangu kwenye skrini amevaa koti (chini, najua, kaptula). Akaanza maneno yake matamu, watoto wakapiga kelele, Mzee akainua kiganja kuwanyamazisha, na runinga ikamkata baba.

"Mtandao," nikasema, na kweli nilidhani ni mtandao. Nikapiga tena.

"Mbona mnanikatia?" baba akauliza kwa ukali.

"Yaishe, tubariki kwanza," Mzee akasema, akainua kiganja kama wazee wote wa mlimani wanavyobariki. Ikakata tena, katikati ya jina la Mungu.

Shangazi yake Aikande akaguna. "Huyu mkwe ana ng'ombe gani anayemsubiri, hata sala imemshinda?"

Hapo ndipo nilipoelewa, nikasimama, nikawaomba wazee washushe mikono. Hebu fikirieni, kijana aliyekuja kuomba binti anawaamuru wenye binti washushe mikono!

"Nyumbani kwangu?" Mzee akauliza, taratibu kabisa. Akanipungia mkono, ule wa niondokee, na lile lidude likadhani anataka kingine, likafungua muziki, wasichana wanakata viuno skrini nzima mbele ya mchungaji. Kwa kiwewe nikapunga badala ya kuinua kiganja, sauti ikapanda. Nikapunga kwa mikono miwili, ikapanda zaidi, hadi baba mdogo akang'oa waya ukutani.

Mzee akaiweka kata chini. Hakunywa.

Ndiyo, najikasirikia, lakini nawakasirikia zaidi waliotengeneza mashine ya kusoma mikono bila kumuuliza hata mtu mmoja anayeishi kwa mikono yake, anayepalilia kahawa kwayo, anayebariki kwayo, anayefukuza kwayo. Kwao mkono ni swichi tu.

Aikande alinisindikiza hadi getini, macho mekundu. "Kamlete baba yako mwenyewe," akasema. "Hata kwa mkokoteni."

Plasta ikitoka tutapanda mimi na baba, nami nitatangulia na jani la isale, lile tunaloombea msamaha huku kwetu, bila waya wala skrini. Mzee ainue mkono atakavyo. Hata kama ni wa kunizaba kofi, nitausubiri uso kwa uso.