Ngege Katika Beseni la Kuogea

Mume wangu alikuwa fundi wa reli pale Nakuru, na kila Jumapili yeye na wenzake wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walibeba ndoano wakaenda kuvua kwenye bwawa la shamba moja upande wa Kabazi. Mwenye shamba aliwaruhusu. Hawakuvua kwa njaa wala kwa kuuza. Walivua kwa raha tu, na kila samaki walimrudisha majini. Mimi nilizaliwa Molo, kwenye viazi na maziwa, ambako samaki hatukumhesabu kuwa chakula. Uvuvi wao huo ulinishinda kabisa kuuelewa.

Halafu kiangazi kikalikausha bwawa, samaki wakaisha. Mvua iliporudi na bwawa kujaa, wanaume wale wakaamua, bila kutumwa na mtu, kuwatoa ngege wazima Naivasha na kuwaleta kwa gari la moshi ndani ya mapipa. Walifika Jumamosi asubuhi. Lori la kuwapeleka Kabazi lingepatikana kesho yake, kwa hiyo samaki wakagawanywa nyumba kwa nyumba. Sisi tuliwekewa wale wakubwa, katika beseni la bati tulilokuwa tukiogea. Mume wangu akanionya nisiwaguse, akaenda zake kazini.

Saa sita mchana mama yake akapiga hodi.

Tulimtarajia wiki iliyofuata. Nilijua kilichomleta: ndoa yetu ilikuwa katika mwaka wa tatu na sikuwa nimeshika mimba, na kwao kulikuwa na maneno kwamba nirudishwe kwetu. Niliogopa hata kumtazama usoni. Nikamwandalia viazi na kabeji, chakula nilichokijua. Lakini yeye alikuwa mtu wa ziwani, aliyelelewa kwa samaki, na alikuwa ameshaliona beseni.

"Hii samaki ni ya nani?" aliniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, maana lugha zetu hazikusikizana.

"Ni ya kuweka kwa maji, mama."

"Kwani sasa iko wapi?"

Nilimweleza habari za bwawa, na nikajisikia kama mtu anayedanganya. Wanaume wazima wamsafirishe samaki ili wamwachilie, kisha wamfuate kwa ndoano, wamshike, wamwachilie tena? Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Yeye alisikia jambo moja tu: mkaza mwana amempa mama mkwe viazi huku nyumba imejaa samaki. Akaisukuma sahani pembeni. Nikaona safari yangu ya kurudi Molo imeiva.

Basi nikakunja mikono ya gauni, nikamkamata ngege mkubwa kuliko wote, nikamlaza kwenye ubao na kuchukua kisu. Samaki akafungua kinywa, na vitoto vikaanza kumwagika kutoka humo, vidogo kama punje za mchele, vikirukaruka juu ya ubao. Nikapiga kelele, kisu kikaanguka. Nilidhani amewameza watoto wa wenzake.

Mama mkwe alikuwa ameshavuta ndoo yenye maji. Akavikusanya vitoto kwa kiganja, akamtia na mama yao, akaniambia taratibu kwamba ngege huficha wanawe kinywani wasiliwe, na siku hizo zote yeye mwenyewe hali kitu. Kisha akaivuta sahani, akala viazi vyote. Sikujua amenisamehe au anakusanya maneno ya kwenda kusema kwao.

Jumapili alipanda lori pamoja nasi, ndoo ameipakata. Kule bwawani wanaume walimwaga mapipa yao huku wakicheka na kupeana mikono kama watu waliomwoza binti. Mama mkwe akaniita mbele yao wote, akanikabidhi ndoo.

"Mwaga wewe," alisema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Na mtu asiulize huyu maneno ya mtoto mpaka hii samaki ikue."

Nilifurahi, nikaona haya, nikaogopa, yote kwa wakati mmoja. Ngege huchukua muda gani kukua? Pale palikuwa na wanaume tele wa kuuliza, lakini sikuuliza. Niliiinamisha ndoo, na kimoyomoyo nikawasihi wale wadogo wasiharakishe.