Koti la Nailoni ya Mbolea

Nailoni ya mfuko wa mbolea ina harufu yake, kali kidogo, na hata ukiifua kwa majivu siku nzima haitoki yote. Nyumbani kwetu Endagikot harufu hiyo ilishindana na ile ya mafuta ya kondoo ambayo bibi, mama mzazi wa baba, alipaka kwenye ngozi yake ya kujikinga na mvua. Nilikuwa darasa la tatu msimu ule wa masika harufu hizo mbili zilipogombana chini ya paa moja, na mpaka leo nikisikia mojawapo moyo hunishuka.

Baba alikuwa dereva wa trekta katika mashamba ya ngano ya serikali, kule chini kwenye tambarare za Hanang. Enzi hizo ngano ilitanda mpaka macho yanachoka, na mwanamume wa kwetu aliyepata kazi huko alihesabiwa kuwa ameula. Shida ilikuwa kurudi nyumbani. Kiangazi malori yalimsogeza. Masika udongo mweusi uliyanasa, naye akatembea kutoka shambani Getanuwas, akalala kwa ndugu yetu Gehandu, kisha akapanda milima na shanta mgongoni. Mtu anayetembea hivyo huchukia kila kitu kizito. Gunia la katani, ambalo wenzake walilikunja na kujifunika kichwani, lilikunywa maji kuliko ng'ombe. Turubai halikupitisha tone, ila lilikuwa gumu, na tena lilikuwa mali ya shamba. Ngozi ya bibi ilitunza joto hata ikilowa, lakini ikishalowa, baba alisema, ni sawa na kumbeba kondoo mwenyewe.

Ndipo mama alipoichukua ile nailoni ya ndani ya mifuko ya mbolea, akaikata koti refu lenye kofia. Alishona kwa mkono, akakunja kingo mara mbili, na kila palipopita sindano akapaziba kwa nta ya nyuki. Lilipokwisha, lilikunjika likaenea kiganjani. Baba alilivaa akasimama uani, mama akammiminia ndoo ya maji kichwani, nasi watoto tukacheka mpaka tukakaa chini. Shati lake lilikuwa kavu kabisa. Mama alijaribu kuficha furaha yake akashindwa. Bibi peke yake hakucheka.

"Maji hayaingii, sawa," alisema. "Na jasho litapita wapi?"

"Mama, mimi nikiona njia ya nyumbani sitoki jasho, natoka mbio," baba akamjibu.

"Ngozi inapumua, mwanangu. Hii haipumui. Chukua ngozi."

Hakuichukua. Pasaka ilikuwa inakaribia, na alitaka nafasi kwenye shanta ya kurudi na unga wa ngano na sukari. Aliondoka na koti la mama, bibi akabaki mlangoni na ngozi yake mkononi.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka alirudi, jioni, mvua ikinyesha mfululizo. Nilikimbia kumpokea. "Shikamoo baba!" Hakuitika marahaba, nikadhani nimemkosea. Kumbe meno yalikuwa yakigongana, hawezi kusema. Mama alipomvua koti, shati lililokuwa ndani lilikuwa limelowa kama limetoka mtoni, na mvua haikuwa imeingia hata tone. Lilikuwa jasho tupu, jasho la kupanda milima na mzigo. "Nilipumzika kidogo pale juu," alisema baadaye karibu na moto, "upepo ukanishika." Bibi alimfunika ile ngozi. Pasaka tulikula chapati, yeye hakula. Kifua kilianza kumchoma, homa ikapanda, majirani wakambeba kwa machela hadi hospitali ya Mbulu. Walimrudisha kwa machela ile ile, amefunikwa uso.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sijui kwa nini watu hukumbuka methali hiyo msibani. Wanawake waliokuwa wakipika waliirudia kwa sauti ya chini, ambayo ni sauti ya kutaka kusikika. "Nailoni ndiyo iliyompika," alisema mmoja. "Mke amemvalisha mumewe kifo." Mama alikuwa ndani, ukuta ni wa udongo, alisikia kila kitu. Nilimtazama bibi. Wote tulimtazama, maana neno lake lingetosha kumrudisha mama kwao, na sisi sijui tungekuwa wa nani. Bibi aliinuka polepole, akaitoa ile nailoni ukutani, akaivaa juu ya gauni lake la msiba, akafunga kamba ya shingoni. Akatoka nje kwenye mvua, mbele ya waombolezaji wote.

"Koti hili limeshonwa na mtu aliyempenda mwanangu," alisema. "Nimelivaa. Mwenye neno na Mama Regina aje aniambie mimi."

Hakuna aliyekwenda. Miaka yote iliyomsalia, bibi, ambaye hakuwahi kuipenda nailoni hata siku moja, alikwenda kanisani na sokoni masika yote akiwa na koti lile, akitembea taratibu mno ili asitoke jasho. Nilimcheka wakati huo. Sasa nikimwazia, nalia.

Mwanangu siku hizi huwapandisha wageni Mlima Hanang. Koti lake la mvua ni jepesi kuliko kanga. Muuzaji wa Arusha alimweleza kuwa kitambaa kile huzuia mvua na kuachia jasho, na vijana wenzake hubishana juu ya makoti hayo kama sisi tulivyobishana juu ya ng'ombe. Nafurahi kwamba hatalowa wala kupikika. Ila naona wivu pia, wivu wa kijinga, kwamba kitu tulichokikosa sisi kinauzwa dukani kikiwa kimetundikwa kwa rangi tatu.

Mwaka jana alikwenda nalo Endagikot, tukamwonyesha mama. Macho yake hayaoni vizuri, akalipapasa, mshono hadi mshono, kama fundi anavyokagua kazi ya fundi mwingine. Alipofika kwapani vidole vikasimama. Palikuwa na zipu. Aliifungua, akapitisha mkono.

"Hii ya nini?"

"Ya kutolea jasho, bibi," mwanangu akasema.

Nikamwambia mama tena yale ninayomwambia kila mara, kwamba daktari alinieleza nimonia huletwa na vijidudu, kwamba huenda baba alishaugua tangu kule shambani, kwamba hata mama mkwe wake hakumlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake ungali kwapani mwa koti.

"Matundu mawili tu, Regina," alisema. "Mkasi nilikuwa nao."