Shavu la Fundi Lipu

Viganja vya fundi lipu vililiwa na saruji zamani, vikawa vigumu kama soli ya kiatu, havihisi tena ukuta ulionyooka wala wenye bonde. Kwa hiyo hupima kwa shavu. Lipu ikianza kushika, huliegemeza ukutani na kulipitisha taratibu, amefumba macho. Vibarua humtania, "Mzee, si uubusu kabisa!" Wenye nyumba hutundika picha zao kwenye kuta hizo, wala hawaulizi ni kazi ya nani. Jioni mkewe ndiye aliyekuwa akimfuta vumbi la saruji shavuni kwa kitambaa chenye maji, akimchokoza, "Leo umelala na ukuta gani, mume wangu?"

Mkewe alipofariki, alikataa katakata mtu mwingine alijengee kaburi. Alipiga lipu peke yake, akasubiri ishike, kisha akapiga magoti na kulaza shavu juu yake. Shemeji zake wakakimbilia kumwinua.

"Jikaze, shemeji. Inatosha."

"Niacheni jamani," alisema, macho bado ameyafumba. "Napima."

Wakamwacha. Alirudi nyumbani na saruji ile shavuni, akaketi mlangoni, ikamkaukia.