Majani ya Kuombea Njia

Nilipokuwa mtoto, barabara yetu ilikuwa korongo. Hebu pata picha yake, kule kijijini kwetu Terrat: kingo za udongo zinazomzidi mtu mzima kimo, chini mchanga mkavu, nalo limenyooka kuelekea mjini kuliko njia yoyote ya juu. Maji yaliyopita siku chache ndiyo yaliyotuchongea njia ya mwaka mzima. Ng'ombe walipita humo, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na watu wakajenga kila mahali mjini, malori ya mchanga nayo yakapita.

Koko, bibi yangu, aliamini korongo lina mwenyewe. Kabla ya kushuka, mtu apande kwanza kilima cha ukingoni, achume majani mabichi, ayaweke juu ya jiwe, aombe njia.

Asubuhi moja ya mvua za vuli alinisindikiza kwenda kwenye usaili wa sekondari ya binafsi. Serikali haikunichagua, hii ndiyo nafasi iliyobaki, saa tatu kamili. Korongoni lori lilikuwa limeshajaa mchanga.

"Mwanafunzi, panda, tunaondoka!" akaita utingo. Alipomwona Koko kule juu na majani mkononi, akacheka. "Bibi, mbuzi wa kula hayo majani yuko wapi?"

Koko alikuwa anatazama mbali. "Leo hatushuki. Mwenye korongo anarudi."

"Koko, jua linawaka! Umeona nini?"

"Nimesema anarudi. Tunapita juu."

Lori likaondoka. Sisi tukazunguka mashamba ya watu, mimi nikilia kwa hasira. Tulipofika shuleni, karatasi za mtihani zilikuwa zimeshakusanywa.

"Pole, binti. Labda mwakani," mlinzi akaniambia.

Jioni tulikuta korongo limejaa maji mekundu, ukingo hadi ukingo. Yalishuka mchana, jirani akasema, lori likiwa limeshafika mjini kitambo. Basi Koko alikuwa sahihi, na mimi ningewahi. Jambo hilo linanikera hadi leo.

Nimefundisha watoto miaka mingi tangu hapo. Ukubwani nilipanda kilima kile nikaelewa: ukiwa chini korongoni huuoni Mlima Meru, ukiwa juu unauona wote, na wingu lililoukalia. Maji ya mvua ya huko hushuka korongoni sisi tukiwa bado juani. Sijui kama Koko aliijua sababu hiyo, au naye wazee wake walimwachia desturi ya majani tu. Nilimnunia, mpaka nafasi ya kumwuliza ikapita.

Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukimkataza mtoto njia, mwonyeshe na wingu.