Matroni Aliyepotezwa na Mlima

Cherono, matroni wa shule moja ya wasichana karibu na Kimilili, alijifunza kuogelea akiwa na miaka arobaini na miwili, umri ambao wenzake wanajifunza kulalamikia magoti. Watu walimcheka, naye hakuwalaumu. Alizaliwa Kapsokwony, juu kabisa kwenye Mlima Elgon, ambako maji ni kitu cha kubebwa kwa mtungi, na ukimwona mtu ameingia mtoni mpaka kiunoni ujue ng'ombe wake amesombwa.

Lakini miaka miwili iliyopita msichana wa Form Two alichukuliwa na mto akienda nyumbani likizo ya Aprili. Cherono ndiye aliyemsaidia kufunga sanduku asubuhi ile, akamwambia asalimie mama. Baada ya mazishi alianza kudai jambo moja tu: wasichana wafundishwe kuogelea. Mwalimu mkuu alikubali. Aliyekataa ni Mzee Kagwe, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, muuza mbegu wa pale sokoni, mtu ambaye bila sahihi yake hata choo hakichimbwi.

"Maji yameua mtoto, na wewe unataka kuyapelekea wengine," alimwambia mbele ya mkutano.

Cherono hakuacha. Aliandika barua, akaandika nyingine, akamfuata mzee mpaka dukani akiwa katikati ya wateja. Mwishowe mzee akachoka, akatoa sharti mbele ya kamati. Alikuwa amesikia kwamba Kitale kuna mashindano ya kuogelea bwawani.

"Ingia wewe mwenyewe, umalize. Ukimaliza, naweka sahihi. Usipomaliza, hiyo hadithi sitaki kuisikia tena."

Kamati nzima ikacheka. Cherono akasema sawa, kisha akaenda stoo ya jikoni akakaa juu ya gunia la maharagwe, akijiuliza amesema nini.

Mwalimu wa kuogelea alimpata mji mdogo wa Kamukuywa. Alikuwa mtu anayeitwa Thuo, aliyewahi kulinda waogeleaji kwenye hoteli moja kabla ya kurudi kufuga kuku. Kwa miezi saba, kila Jumamosi, walikutana kwenye bwawa la shamba, Cherono ndani, Thuo ukingoni na kofia yake. Pumzi Cherono alikuwa nayo, miguu pia. Shida yake ilikuwa njia. Akishainamisha kichwa majini alienda upandeupande kama toroli lenye gurudumu bovu.

"Chagua kitu kirefu," Thuo alimwambia. "Kila ukiinua kichwa, kitafute hicho."

Cherono akachagua Mlima Elgon, maana angechagua nini kingine? Pale Kamukuywa mlima ulikuwa mbele wakati wa kwenda na nyuma wakati wa kurudi. Mlima usoni, unaenda. Mlima mgongoni, unarudi. Toroli likanyooka. Thuo mwenyewe alifurahi, akasema hiyo ni akili ya kuzaliwa. Na hawa wawili, watu wazima wenye vitambulisho, hawakukumbuka hata siku moja kwamba mashindano yenyewe hayatakuwa Kamukuywa.

Siku ilipofika, bwawa la Kitale lilikuwa refu na lenye kona, kubwa mara nne kuliko lile alilolizoea. Waogeleaji walikuwa thelathini na wanane, wengi vijana wa mjini. Cherono alivaa suruali ya kubana, fulana ya shule na kofia ya mpira ya manjano. Mzee Kagwe alikuja na koti lake la mikutano, na kwa kuwa Thuo alibaki na kuku wake na hakuna mwingine aliyemjua matroni, akaachiwa ashike viatu na leso yake. Alivishika kwa vidole viwili.

Msimamizi, jamaa anayeitwa Job, alieleza sheria. Wataogelea hadi boya la kwanza, wapinde hadi la pili, kisha warudi walikoanzia. Muda ni saa moja. Kusimama kunaruhusiwa, lakini ukitembea hata hatua moja umejitoa.

Boya la kwanza Cherono alilizunguka bila shida, akifuata povu la wenzake. La pili alilifikia wa mwisho, maji yamemwingia puani, wenzake wameshatangulia na povu lao. Mashua ya walinzi ilikuwa mbali, ikimhudumia kijana aliyekazwa na misuli ya mguu. Alizunguka boya, akainua kichwa, akautafuta mlima.

Ulikuwa ubavuni mwake.

Akashtuka. Kwa miezi saba mlima haukuwahi kukaa ubavuni. Akaona basi yeye ndiye amekosea kupinda, akajigeuza polepole mpaka mlima ukawa mgongoni sawasawa, akapiga maji kwa moyo wote. Alienda hivyo muda mrefu. Kelele za watu zikapungua, naye akafikiri ni masikio yake yameziba. Halafu mkono ukagusa matete, goti likagusa tope, na alipoinua kichwa akakutana na pua ya ng'ombe.

Mwenye ng'ombe alikuwa mama wa makamo, Nyaruai jina lake, amekuja kuwanywesha. Hakukimbia, ila alirudi nyuma kidogo.

"Wewe mama, umetoka wapi?"

"Kimilili."

Nyaruai akayatazama maji, kisha akamtazama yeye. "Ati umeogelea kutoka Kimilili?"

"Hapana. Mashindano. Mashindano yako wapi?"

"Yako huko nyuma ya ile mikalitusi. Umeyaacha."

"Haiwezekani. Mlima uko nyuma yangu."

"Mlima uko hapo siku zote."

"Unafaa kuwa nyuma."

"Ya nini?"

Cherono alisimama kwenye tope, akageuka kuutazama mlima aliozaliwa juu yake, na hata umbo hakulitambua. Vilele vilikuwa vimepangwa vingine. Ilimchukua muda kuelewa kwamba Kitale iko upande mwingine wa mlima, kwamba mlima haujasogea, na hata alipoelewa kichwa kiliendelea kuzunguka. Hakujua kulia ni wapi. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwahi kuogopa hata siku ya kwanza bwawani, na katikati ya woga huo akamkumbuka yule msichana wa Form Two. Labda na yeye hakujua ukingo uko upande gani. Cherono akaanza kulia, ng'ombe wakimtazama.

"Toka bana," Nyaruai akasema kwa sauti ya chini. "Kwa mguu ni dakika tano. Nitakupeleka."

"Nikitembea nimejitoa."

"Umejitoa wapi, na si umepotea tayari?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mpaka leo Cherono hawezi kueleza kwa nini alilala tena majini. Nyaruai alitikisa kichwa, akamwelekeza: ukingo ukae mkono wa kushoto, asiuache, mpaka aipite mikalitusi. Akaenda hivyo, polepole, akiinua kichwa kuangalia nyasi tu. Mlima hakuutazama tena.

Alipoipita miti aliona watu wengi wamesimama wakilitazama boya la pili, ambapo mashua ya walinzi ilikuwa ikizunguka. Kina mama fulani walikuwa wakiomba. Mtu akamwona, akanyoosha kidole, na wote wakageuka. Cherono alifika ukingoni kwa magoti.

Job alimjia mbio. Alimwuliza kama anaumwa, kisha akaangalia saa yake na kukuna shingo. "Mama, muda umeisha zamani. Umekaa majini karibu saa moja na nusu. Nitaandika hukumaliza."

"Andika," Cherono akasema. Alimwona akiandika.

Mzee Kagwe alikuwa nyuma ya Job. Vile viatu alikuwa amevikumbatia kifuani, koti lote lina tope.

"Sikumaliza, Mzee," Cherono akawahi kusema. "Nisamehe."

"Ulikuwa wapi?"

"Sijui. Kulikuwa na ng'ombe."

"Ulipotea?"

"Nilipotea kabisa."

"Nani alikutoa?"

"Hakuna. Nilirudi tu."

"Mashua haikukuvuta? Hakuna aliyekushika mkono?"

"Hapana, Mzee."

Mzee Kagwe alikaa chini kwenye nyasi, jambo ambalo hakuna mtu wa Kimilili aliyewahi kumwona akifanya na lile koti. Akatoa mfukoni mojawapo ya zile barua za matroni, iliyokunjwa mara nne, akamwomba Job kalamu. Cherono alidhani anaandika kukataa, akaona heri aseme yote yaishe.

"Mzee, umenisikia? Nimesema sikumaliza."

"Nimesikia. Nyamaza niandike."

Akaweka sahihi. Cherono aliisoma mara mbili, akamtazama Job, akamtazama mzee, asielewe ni nani kati yao aliyekosea. Mzee akaigeuza karatasi upande wa pili, palipoachwa nafasi ya majina ya wasichana, akaandika jina la mjukuu wake aliyeingia Form One mwaka huu.

"Huyu awe wa kwanza," akasema. "Mfundishe kurudi."